Sumukuvu na Machicha: Uhakiki wa Istilahi Mbili

Istilahi ina kazi mbili: kukitaja kitu, na kukitenga na jirani yake. Neno sumukuvu limefaulu katika kazi ya kwanza. Limeundwa kwa maneno yetu wenyewe, sumu na kuvu. Mkulima halihitaji kufafanuliwa. Tena limeepa utata wa neno ukungu, ambalo pia ni jina la ile hewa nzito ya asubuhi milimani. Katika kazi ya pili, hata hivyo, linaelekea kushindwa, na kosa si lake bali ni letu sisi tulitumialo.

Kuvu hutoa sumu za aina nyingi, na aflatoksini ni mojawapo tu. Iligunduliwa baada ya bata mzinga zaidi ya laki moja kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga. Nayo ndiyo iliyowaua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004 kwa njia ya mahindi. Kwa sababu ya misiba ya namna hiyo, imefikiriwa kana kwamba ndiyo sumukuvu pekee. Hata mradi wa kitaifa wa Tanzania uliohusu jambo hili ulitaja aflatoksini katika jina lake la Kiingereza, na sumukuvu katika jina lake la Kiswahili. Jina la ukoo limepewa mtoto mmoja.

Hasara ya mchanganyiko huo huonekana wazi katika chakula cha mifugo kitokanacho na viwanda vya nishati mimea. Nchini Marekani sehemu kubwa ya mahindi hutengenezewa ethanoli ya kuchanganywa na petroli. Wanga hugeuzwa sukari, na sukari hiyo huliwa na hamira. Kinachosalia, takriban theluthi moja ya uzito wa mahindi, hukaushwa na kulishwa ng'ombe, nguruwe na kuku. Kwa kuwa wanga umeondoka, uwiano wa protini na mafuta huongezeka mara tatu hivi. Sumu nayo huongezeka vivyo hivyo, maana joto la kiwandani huweza kuua kuvu bila kuiondoa sumu iliyokwisha kutolewa.

Tena sumu hiyo si moja. Mwaka 2009, mvua zilipozidi, tatizo katika baadhi ya majimbo ya huko lilikuwa deoksinivalenoli, iwafanyayo nguruwe kukataa chakula na kutapika. Mwaka 2012, katika ukame, lilikuwa aflatoksini, ambayo ng'ombe akiila hupita hadi katika maziwa. Ipo pia zearalenoni, iharibuyo uzazi wa nguruwe, na fumonisini, iwezayo kumwua farasi. Kila moja ina kipimo chake na kiwango chake. Basi mfasiri akikuta cheti kisemacho kwamba shehena imepimwa aflatoksini na kuonekana salama, naye akaandika "haina sumukuvu", amesema jambo ambalo cheti hakikulisema. Mfugaji wa nguruwe atakayemwamini atapata hasara kwa kosa la neno moja.

Istilahi ya pili ni jina la chakula chenyewe. Wengine hukiita mabaki, wengine makapi. Lakini lugha yetu si maskini hapa. Pumba ni za kukoboa. Makapi ni ya kupepeta. Mashudu ni ya kukamua mafuta. Machicha ni ya nazi na ya pombe. Ethanoli ni pombe. Kwa hiyo machicha ya ethanoli ndilo jina lifaalo, na wafugaji wanunuao machicha ya viwanda vya bia watalielewa mara moja.

Yupo atakayepinga kwamba machicha ya nazi ni kitu kilichokwisha kutolewa tui, na kwamba asikiaye neno hilo atadhani utamu umekwisha na ubaya umekwisha. Pingamizi hilo lina uzito, kwani hatari yenyewe iko katika dhana hiyo. Lakini dawa yake si kulikimbia neno. Neno mabaki lina kasoro iyo hiyo, tena halisemi ni mabaki ya nini. Dawa ni fasili. Kamusi na ziseme: machicha ya ethanoli ni kibakiacho baada ya wanga wa nafaka kugeuzwa ethanoli, chenye protini, mafuta, na sumukuvu ikiwamo, kwa uwiano mkubwa kuliko nafaka yenyewe.

Pendekezo letu, basi, ni kwamba sumukuvu libaki kuwa jina la jamii nzima, na kila aina iitwe kwa jina lake lililotoholewa. Ni kweli kwamba deoksinivalenoli ni neno zito ulimini. Hata hivyo, wanafunzi wetu wamezoea kabonidayoksaidi na mengine mengi, na hili nalo watalizoea. Uzito wa neno hubebwa na msemaji; upungufu wake hubebwa na mfugaji, na mnywaji wa maziwa, ambao hawakushauriwa.