Mtumbwi wa Gogo Moja

Fundi wa mitumbwi haanzi kwa kukata. Huanza kwa kuuzunguka mkuyu, akiugonga kwa mgongo wa tezo huku ametega sikio, maana mti uliooza moyo hauitiki kama mti mzima. Huko Masalani, kando ya mto Tana kusini mwa Garissa, nilimtazama mzee mmoja akigonga hivyo asubuhi nzima, kisha akauacha mti alioutamani tangu kiangazi. Alisikia kitu ambacho mimi sikukisikia.

Muunda jahazi akikosea ubao, huung'oa akatia mwingine. Gogo halina ubao wa kubadilisha. Mzee huchonga kidogo kidogo, na kila mara huweka tezo chini, akatia kiganja kimoja ndani na kingine nje, akapapasa ubavu kutoka omo hadi nyuma. Ukibaki mnene, mtumbwi huwa mzito na hubeba kidogo. Ukizidi wembamba, jua la Garissa litaupasua. Hata ukiisha kuchongwa hufunikwa majani, na usipotumika hujazwa maji kando ya mto usikauke.

Nikimtazama hukumbuka pia chombo cha chuma: mwaka 1954 Marekani iliteremsha majini Nautilus, nyambizi ya kwanza ya nguvu za nyuklia. Mwaka 1958 ikapita chini ya barafu ya Ncha ya Kaskazini. Naistahi kazi ile. Lakini mchomeleaji wa chuma na mzee wa Masalani huulizwa swali moja: ubavu huu utamstahimilia aliye ndani?

Katika maji ya mamba na viboko, swali hilo si la maneno. Aprili 2024 mafuriko yaliikata barabara ya Garissa kwenda Nairobi, malori yakasimama, watu wakavuka kwa boti. Moja ilipinduka, watu wakafa. Tangu hapo simhimizi fundi anayegonga mti asubuhi nzima.

Miti nayo inapungua. Msitu wa kando ya Tana huishi kwa mafuriko ya msimu, nayo yamepungua tangu bwawa la Masinga, juu zaidi kwenye mto huo, lilipokamilika mwaka 1981. Mashamba na makaa yamemaliza mingine. Wenzangu mnaolima ukingoni, msiukate mkuyu uliobaki. Na mkipata tawi lake bichi, lichomekeni penye unyevu: mkuyu hushika kwa kipande cha tawi.