Ukakasi: Glasi Tatu na Omar Khayyam, Magomeni Mapipa

Kusema kweli wazo halikuwa langu. Kikundi chetu cha kusoma, watu watano tunaokutana Jumamosi moja kila mwezi Magomeni Mapipa, kilikuwa kimemaliza Omar Khayyam kwa Kiswahili, tafsiri ya Shaaban Robert. Mmoja wetu akasema, "Jamani, beti zinasifu mvinyo kila ukurasa, halafu sisi tunazijadili kwa soda." Tukacheka. Mwezi uliofuata mezani kulikuwa na chupa tatu.

Ya kwanza ilikuwa nyekundu ya Dodoma, ya zabibu za Makutupora, mpya kabisa kutoka dukani. Ya pili ilikuwa ya zabibu hizohizo, ila mwenyeji wetu aliipata zawadi ya harusi mwaka 2013, akaiweka juu ya kabati la nguo akisubiri siku kubwa. Ya tatu aliileta shemeji yake kutoka Hispania: Rioja ya mwaka 2011, daraja la Gran Reserva. Kwa sheria za kule, nyekundu ya daraja hilo haiuzwi kabla haijatimiza miaka 5, na angalau 2 kati ya hiyo iwe imelala kwenye pipa la mwaloni. "Hatimaye kitu cha pipa kimefika Mapipa," mwenyeji akasema.

Dada mmoja kikundini hanywi. Dini yake haimruhusu, na hakuna aliyemsumbua. Alichukua daftari, akatupa sharti: "Nyie onjeni, mimi naandika. Ila neno 'mzuri' siandiki. Mzuri vipi?"

Kazi ikaanzia hapo. Mimi ni miongoni mwa wale waliokuwa wakisema Kiswahili hakina msamiati wa mambo haya. Kanisani tunasema divai, dukani waini, kitabuni mvinyo, neno tulilolipata kwa Wareno. Tukishavuka majina, tunabaki na "mtamu" na "mkali". Ndivyo nilivyoamini.

Glasi ya kwanza ilikuwa na rangi ya zambarau zilizoiva, ile inayokuganda ulimini ukishakula za mia tano njiani. Harufu yake ilikuwa ya tunda bichi, changamfu. Lakini mdomoni mate yalikauka na fizi zikakaza. Mwenzetu akahangaika: "Ina... yaani, inakausha-kausha, inakwaruza..." Dada hakuinua hata kichwa. "Ukakasi," akasema. "Kama bibo."

Tulinyamaza. Neno hilo tunalo kila siku. Tunasema kauli ya kiongozi ina ukakasi, mkataba una ukakasi, mpaka tumesahau kwamba kabla ya siasa lilikuwa neno la ulimi, la bibo na ndizi mbichi. Na ndilo neno hasa linalohitajika hapa, kwa sababu ukakasi ndio unaoupa mvinyo mwekundu nafasi ya kuishi miaka mingi. Unatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na kwenye mbao za pipa. Miaka ikipita unashikana na rangi, chembe zinakuwa nzito, zinazama chini kama mashapo. Ndiyo maana mvinyo mzee hupauka na kulainika. Ukiwa hauna ukakasi wala uchachu wa kutosha tangu mwanzo, muda hauna cha kufanyia kazi.

Chupa ya pili ilitufundisha upande wa pili wa jambo hilo. Kizibo kilikatikia shingoni. Rangi ilikuwa kama chai ya rangi iliyolala, harufu ya siki na zabibu kavu zilizochemshwa. Kosa si la aliyeutengeneza. Mvinyo mwingi duniani hutengenezwa unywewe ndani ya miaka michache, na unaokusudiwa kukaa hutunzwa gizani, kwenye ubaridi wa nyuzi 12 hadi 15 hivi. Juu ya kabati Magomeni, Januari na Februari, joto linapita nyuzi 30. Tuliupika wenyewe, taratibu, kwa miaka kumi na ushei.

Kilichonishtua ni sisi. Mwenzetu mmoja alionja, akatikisa kichwa kwa heshima, akasema, "Unasikia kabisa umri." Dada akaandika, kisha akauliza, "Umri una ladha gani?" Hakujibiwa.

Glasi ya tatu mwenyeji aliimimina polepole, akaacha mashapo chini ya chupa. Pembeni rangi ilikuwa imegeuka ya tofali. Mwanzoni haikusema kitu, na nilianza kudhani shemeji kaliwa hela yake. Baada ya nusu saa hivi glasini ikafunguka: ngozi ya kiatu cha zamani, tumbaku kavu, udongo ulioguswa na mvua ya kwanza, na kwa mbali ukwaju. Ukakasi ulikuwepo bado, ila umelainika kama kanga iliyofuliwa mara nyingi. Nikiri hata hivyo: mishkaki ilipoletwa nilirudi kwenye ile mpya ya Dodoma, maana mafuta ya nyama yalikuwa yanatafuta ukali wake. Ya tatu nilitaka kukaa nayo tu, bila chakula.

Kiswahili kinatofautisha vizuri kuzeeka, kuchakaa na kukomaa. Vyote vizee, lakini chupa ya pili ilichakaa na ya tatu ikakomaa. Tarehe kwenye lebo haikuambii ni kipi kimetokea.

Sasa turudi kwenye kitabu. Mwezi uliotangulia tulikijadili kama tulivyofundishwa shule. Mmoja alitoa dhamira: ulevi na madhara yake. Mwingine akapinga: mvinyo wa Khayyam ni fumbo, ni mapenzi ya Mungu. Wataalamu wamebishana hilo miaka mingi na mimi sitalimaliza. Naona tu kwamba wote wawili waliruka juu ya kinywaji wakakimbilia ujumbe. Hakuna aliyeuliza beti zenyewe zina ladha gani.

Na beti hizi zimesafiri. Khayyam aliandika Kifarsi. Edward FitzGerald akazitoa kwa Kiingereza mwaka 1859, akizipanga na kuziunganisha apendavyo. Shaaban Robert akamimina kutoka kwenye chombo hicho cha pili. Zilipofika kwetu zilikuta nyumba tayari: rubai na tarbia yetu ya mistari minne ni ndugu, zote zimetoka kwenye nne ya Kiarabu, pamoja na robo tunayopimia sukari.

Je, tafsiri imekomaa au imechakaa? Nimeisoma upya na swali la dada kichwani. Kuna beti ambazo kwangu zimekauka: nasikia jasho la mtafsiri kuliko sauti ya shairi. Kuna nyingine ambazo kimyakimya hazikunipa kitu, lakini tulipozisoma kwa sauti mara ya pili zilifunguka, na maneno ambayo kijana wa leo angeyatafutia kamusi ndiyo yaliyobaki kooni. Sijawahi kuona mtu akiandika hivyo kuhusu Shaaban Robert, pande zote mbili kwa pamoja. Tunamsifu kwa jina na kwa miaka. "Unasikia kabisa umri." Hiyo ni heshima ya kabatini, na tumeona kabati linafanya nini.

Mwezi ujao ni zamu ya Kusadikika. Tutakunywa chai. Daftari liko kwa dada, na ukurasa wa kwanza ameshaandika maneno yasiyoruhusiwa: mzuri, mkubwa, gwiji.