Tiketi, Gundi na Kadi ya Posta

Wapo wasemao kwamba kubandika vipande vya karatasi kila siku, kimoja leo na kingine kesho, ni mchezo wa watoto uliopewa jina kubwa. Wapo pia, hasa walioianza kazi hii juzijuzi, wanaodai kwamba chochote kilichobandikwa ni sanaa mradi kimetoka moyoni. Mimi sikubaliani nao wote wawili. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikikaa mezani baada ya chakula cha usiku, na tiketi za basi, makasha ya viberiti, kipande cha khanga iliyochanika na gundi kidogo, nikitengeneza picha isiyozidi kiganja. Kwa hiyo swali hili linanihusu. Ikiwa ni mchezo tu, basi saa zile nilizowanyima watu wa nyumbani mwangu zimekwenda bure.

Anayefaa kutazamwa kwanza ni Mjerumani Kurt Schwitters, aliyezaliwa Hannover mwaka 1887. Mwaka 1919, nchi yake ikiwa imetoka kushindwa vitani na hali ya maisha imevurugika, alianza kuokota tiketi za tramu, stempu, nyuzi, mbao na karatasi za pipi, akazibandika. Katika moja ya picha hizo kulikuwa na kipande kilichokatwa kutoka tangazo la benki, nacho kilibakiza silabi moja ya neno la Kijerumani lenye maana ya biashara: Merz. Akalifanya jina la kazi zake zote. Neno halina maana, nami naona ndivyo alivyotaka.

Ukizitazama picha zake ndogo hata katika vitabu, utaona kwamba tiketi imewekwa pale kwa ajili ya rangi yake, au kwa sababu ukingo wake unakatana vizuri na ukingo wa karatasi ya jirani. Hata hivyo tiketi haijaacha kuwa tiketi, namba inasomeka. Jicho linakwenda na kurudi kati ya mambo hayo mawili, na hapo ndipo utamu ulipo. Wengi wetu tunaobandika tunashika moja na kuacha jingine. Ama tunapanga rangi tu, na tiketi inakuwa kama karatasi yoyote, ama tunaihifadhi tiketi kwa kumbukumbu ya safari, na picha inakuwa albamu. Nimeweka nyingi za namna hiyo ya pili katika boksi chini ya kitanda, nazo hazimgusi mtu asiyekuwamo safarini.

Schwitters alikimbilia Norway mwaka 1937, na Wajerumani walipoivamia nchi hiyo mwaka 1940 akakimbilia Uingereza. Huko alifungwa kambini katika Isle of Man kwa kuwa ni raia wa nchi adui. Kwa kukosa vifaa, alifinyanga sanamu kwa uji wa shayiri, nazo zikaota ukungu. Kisa hiki hupendwa sana na wasimulizi, ati kinathibitisha kwamba uhaba ni mama wa sanaa. Mimi sioni hivyo. Uhaba humfanya mtu aanze tu. Sanamu za uji zimetoweka, na hakuna anayeweza kutuambia leo kama zilikuwa nzuri.

Mfano wa karibu nasi unaonyesha jambo hilo vizuri zaidi. Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mnamo mwaka 1968, alitumia vibao vya dari na rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli. Rangi ile hailainiki wala kuchanganyika taratibu kama rangi za mafuta, ikakaa bapa na kali. Chui wake hawakuwa wazuri kwa sababu vibao vilikuwa rahisi. Walikuwa wazuri kwa sababu aliikubali tabia ya rangi aliyokuwa nayo, akachora kwa kuifuata.

Na je, hiyo sharti ya kila siku? Mjapani On Kawara alianza tarehe 4 Januari 1966, mjini New York, kuchora picha zenye tarehe ya siku hiyo tu. Isiyokamilika kabla ya usiku wa manane aliiharibu. Nyingi aliziweka katika boksi pamoja na kipande cha gazeti la siku ile. Kwake sharti lina mantiki, maana siku yenyewe ndiyo inayochorwa. Kwa sisi wengine ni kengele tu ya kutuketisha mezani, na si dhambi kuiacha ilie. Picha iliyobandikwa saa tano usiku ili tarehe isipite huonekana.

Kuna madukani siku hizi pakiti za vikorokoro vilivyotayarishwa: tiketi za treni ambayo haikusafiri, barua zilizochapwa zikiwa tayari na madoa ya chai. Hizo sizitaki. Aliyezinunua amenunua siku ya mtu ambaye hakuwahi kuwapo.

Mwishoni Schwitters aliishi Ambleside, kaskazini mwa Uingereza. Mchana alichora sura za watu na mandhari apate chakula, na watu wa pale walimjua kwa hizo. Mwaka 1947 alitengeneza kwa vipande vya katuni picha ndogo yenye ukubwa wa kadi ya posta, kwa ajili ya rafiki yake Kate Steinitz aliyekuwa amehamia Marekani. Alifariki tarehe 8 Januari 1948, siku moja baada ya kupata habari kwamba amekubaliwa uraia wa Uingereza. Picha zile za kuuza sina hamu ya kuziona. Ile ya katuni nimeikata kutoka gazeti la zamani, nami nimeibandika ndani ya mlango wa kabati, ingawa mende wameshaanza kuila pembeni kwa sababu ya gundi ya unga.