Istilahi za Mbuni wa Gesha: Uhakiki wa Mswada Mmoja wa Mwongozo wa Wakulima

Miongoni mwa miswada iliyotufikia kwa ajili ya uhakiki wa lugha umo mwongozo mmoja uliofasiriwa kutoka Kiingereza, unaowafundisha wakulima namna ya kupanda na kutunza mbuni wa aina ya Gesha. Hatutaitaja idara iliyouleta wala mfasiri wake, kwani makosa tunayokusudia kuyaeleza si yake peke yake. Tumeyaona katika vijitabu vingi vya kilimo, na baadhi yake twakiri kuwa tuliwahi kuyapitisha sisi wenyewe. Mfasiri ana Kiswahili fasaha, chenye kutiririka, na sura yake ya kwanza yapendeza kusomwa kwa sauti. Taabu ni kwamba mkulima hasomi mwongozo ili apendezwe. Ausoma ili aende shambani, na akiufuata huu neno kwa neno atakosea mahali si pamoja.

Kabla ya kuingia katika maneno yenyewe yafaa msomaji aujue mmea. Mbegu za Gesha zilichumwa katika misitu ya kusini-magharibi ya Ethiopia katika miaka ya 1930. Zilipitia Kenya na kufika kituo cha utafiti cha Lyamungu, chini ya mlima Kilimanjaro. Mwaka 1953 mbegu kutoka Lyamungu zilipelekwa Costa Rica, zikaandikishwa huko kwa nambari T2722, na katika miaka ya 1960 mmea huo ukagawiwa Panama kwa sababu ulionekana kustahimili kutu ya majani. Wakulima wa huko hawakuupenda sana. Huzaa kidogo, tena matawi yake hukatika upesi. Ulibaki pembezoni mwa mashamba hadi mwaka 2004, familia ya Peterson ya Boquete ilipoipeleka kahawa yake peke yake, bila kuichanganya na nyingine, kwenye mashindano ya nchi hiyo. Ilishinda, ikauzwa mnadani kwa zaidi ya dola 20 za Marekani kwa ratili, bei ambayo haikuwa imewahi kusikika mahali pale. Kwa hiyo mbuni huu ulipita mikononi mwetu ukiwa haujulikani, na sasa elimu yake yaturudia kwa njia ya tafsiri. Hapana budi tuipokee kwa maneno yaliyo sawasawa.

Tuanze na kosa kubwa kuliko yote. Mswada wasema kwamba Gesha "ina kinga dhidi ya kutu ya majani." Matini ya asili haikusema hivyo, ilisema kwamba mmea huo hustahimili. Tofauti hii si ya wanaisimu peke yao. Mmea wenye kinga haushikwi na ugonjwa. Mmea wenye ukinzani hushambuliwa lakini huuzuia ugonjwa usienee. Mmea wenye ustahimilivu huugua, na unga wa rangi ya machungwa huonekana chini ya majani yake, ila huendelea kuzaa kwa kiasi fulani, hasa ukitunzwa. Mkulima aliyeambiwa kuwa mbuni wake una kinga haoni sababu ya kununua dawa ya mrututu, wala ya kugeuza majani kutazama upande wa chini. Akija kuona manjano kwenye majani atadhani ni njaa ya mbolea, atie samadi, na ugonjwa uzidi kusambaa. Na ataukasirikia nani? Atamkasirikia bwana shamba, ambaye siku hizi tumezoea kumwita afisa ugani, ilhali kosa lilitendwa mezani na mtu aliyetafuta neno fupi. Twapendekeza maneno haya matatu, yaani kinga, ukinzani na ustahimilivu, yatenganishwe katika kila mwongozo wa mimea na wa mifugo pia, na kwamba mwandishi asiyejua ni lipi linalohusika amwulize mtaalamu kabla ya kuandika. Kamusi haitamwambia, kwa maana makamusi mengi huyaeleza maneno haya kwa kuyazungusha, hili kwa lile na lile kwa hili.

Kosa la pili latokana na neno moja kubebeshwa mzigo wa maneno manne. Mfasiri ameandika kahawa kwa maana ya mti, kwa maana ya tunda, kwa maana ya mbegu na kwa maana ya kinywaji. Mazungumzo ya kila siku hayaharibiki kwa hilo, kwani anayeagiza kahawa barazani haletewi mche. Lakini tazama sentensi hii ya sura ya kitalu: "Panda kahawa ikiwa na maganda yake." Maganda yapi? Tunda la mbuni lina ganda la nje, jekundu likiiva. Chini yake mna ute mtamu, na chini ya ute mna ganda gumu la ndani linaloifunika mbegu. Mwandishi wa asili alikusudia ganda hili la ndani: buni mbivu imenywe, ute uondolewe, mbegu ikaushwe kivulini, kisha ipandwe ikiwa bado ndani ya ganda lake gumu. Mkulima wa Karagwe, ambako "kahawa ya maganda" ni tunda zima lililokaushwa juani, atalifahamu agizo hili kwa namna nyingine kabisa. Atamimina kitaluni matunda makavu, angoje majuma manane, aone machache yamechipua na mengine yameoza. Na mbegu ya Gesha si ya kuchezea, kwani hupatikana kwa shida na hununuliwa kwa bei kubwa.

Hapa hatuoni haja ya kubuni neno jipya. Tukisema ganda la nje na ganda la ndani kila mmoja atatuelewa, kuanzia Mbinga hadi Tarime. Tumeona wafasiri wakidhani kwamba istilahi ni lazima iwe neno moja, tena geni, na wakiona haya kuandika maneno mawili ya kawaida. Haya hiyo haina sababu.

Kuhusu mti wenyewe, mswada watumia mkahawa katika kurasa za mwanzo na mbuni katika kurasa za mwisho, kana kwamba waliandika watu wawili. Kila neno lina adui yake. Mkahawa ni pia mahali pa kula na kunywa, na mwalimu mmoja alitusimulia jinsi darasa lake lilivyocheka liliposoma kwamba mikahawa ipogolewe kila mwaka. Mbuni naye ni ndege mkubwa asiyeruka, na ni pia mtu anayebuni mitindo ya mavazi. Zaidi ya hayo, wafanyabiashara wa Kenya huita mbuni ile kahawa iliyokaushwa pamoja na tunda lake. Hata hivyo twachagua mbuni, wingi wake mibuni, kwa sababu upatanisho wa kisarufi huondoa utata: mbuni huu na mibuni hii haviwezi kuchukuliwa kuwa ndege. Neno buni na libaki kwa tunda na mbegu, na kahawa kwa zao kwa jumla na kwa kinywaji. Muhimu ni kwamba mwandishi akishachagua asibadili katikati ya safari.

Sura ya nne ina kichwa "Kupandikiza." Tuliisoma mara mbili kabla ya kutambua kwamba imeunganisha mambo mawili. Aya za mwanzo zahusu kuhamisha miche kutoka kitaluni hadi shambani. Aya za mwisho zahusu kuunganisha kichipukizi cha Gesha juu ya mche wa robusta, jambo linalofanywa Amerika ya Kati ili mizizi ihimili minyoo ya udongoni. Kiswahili kimelitumia kupandikiza kwa kazi zote mbili, hilo hatulikatai, lakini ndani ya sura moja ni mtego. Kwa kazi ya kwanza tuandike kuhamishia shambani. Kwa ya pili liko neno ambalo wakulima wa miembe na michungwa wanalijua siku nyingi, nalo ni kubebesha. Ni neno zuri, kwani laonyesha tendo lenyewe: mche mmoja wambeba mwenziwe. Ajabu ni kwamba mfasiri alikuwa nalo karibu, akaliacha.

Neno chotara limetumiwa mara sita, na mara zote sita si sahihi. Yaelekea mfasiri alilichukua kwa maana ya "mbegu bora", kwa kuwa wakulima wamesikia sifa nyingi za mibuni chotara inayovumilia magonjwa. Gesha si chotara. Ni aina ya arabika iliyochaguliwa kutoka miongoni mwa mibuni ya msituni. Tena jambo hili lamgusa mkulima mfukoni. Mbegu za chotara hazitoi watoto wanaofanana na mama yao, ndiyo maana mibuni hiyo huzalishwa kwa vikonyo. Arabika, kwa upande wake, hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa, kwa hiyo mwenye Gesha halisi, iliyotengwa na mibuni mingine, aweza kuchukua mbegu katika shamba lake mwenyewe. Neno moja lisilo mahali pake litampeleka kununua miche kila msimu bila sababu.

Yapo mambo ya muonjo, na hapa twakiri kuwa kazi ya mfasiri ilikuwa ngumu. Ameandika "ubora wa kikombe", nasi tukajiuliza kama chasemwa chombo cha udongo au cha bati. Ubora wa muonjo watosha. Ameandika pia kwamba Gesha "ina asidi nyingi", na msomaji mwenye vidonda vya tumbo ataukimbia mswada. Kwa waonjaji sifa hiyo ni ya heshima. Neno uchachu nalo halifai, kwani kahawa iliyochacha ni ya kumwagwa. Tulilijadili sana jambo hili, na wengi wetu tuliegemea ugwadu, ladha ile ya ndimu na ya embe lisiloiva, ingawa mwenzetu mmoja angali akishikilia kwamba ugwadu wakunjisha uso. Lakini pale aliposema kahawa hii yanukia "maua fulani meupe" tulishangaa. Maua hayo ni asumini! Pwani nzima yaijua harufu yake, na wanawake wa Unguja na Lamu huyatia nyweleni. Neno lilikuwa barazani, mfasiri akalitafuta ng'ambo.

Limebaki jina lenyewe. Vitabu vya biashara huandika Geisha, kwa tahajia inayofanana na ya wale wanawake watumbuizaji wa Japani, ambao hawana uhusiano wowote na mmea huu. Mtu wa Afrika Mashariki akiliona hukumbuka kwanza sabuni ya kuogea. Jina latokana na eneo la Gesha huko Ethiopia, na twapendekeza liandikwe hivyo. Wapo wanaopinga kwa hoja isiyo ya kudharau: mnunuzi wa ng'ambo alijua Geisha, na mkulima atakayeandika vingine juu ya gunia aweza kupunjwa bei. Basi juu ya gunia aandike la mnunuzi. Katika mafunzo liandikwe Gesha, na lile jingine litajwe mara moja tu, mwanzoni. Aidha ielezwe wazi kwamba si kila mbuni unaoitwa hivyo ni mmoja: ile Geisha iliyopandwa miaka mingi kaskazini mwa Malawi ni tofauti na ile ya Panama. Mswada umezichanganya katika jedwali la mavuno, na jedwali hilo tumeomba liondolewe.

Tumeurudisha mswada ukiwa na alama zetu pembeni. Jambo moja tumeliacha wazi, nalo ni rangi ya majani machanga ya ncha, ambayo mkulima huitazama anapochagua miche kitaluni. Mfasiri ameandika "ya shaba." Shaba kwetu ni nyekundu na ni ya njano pia, na mkulima hatajua ashike ipi. Mmoja wetu alipendekeza kahawia yenye kung'aa, kisha akacheka mwenyewe, kwa kuwa rangi hiyo ilipewa jina kutokana na kinywaji, na sasa twataka kuirudisha mtini ikiwa bado ni jani. Wasomaji wanaoishi karibu na vitalu watuandikie waitavyo rangi hiyo huko kwao.