M.J. Winkler: Mwanamke Nyuma ya Herufi Mbili

Kila mpenzi wa katuni ameshasikia kisa cha Walt Disney kunyang'anywa sungura. Mwaka 1928 alikwenda New York kuomba nyongeza ya malipo kwa filamu za Oswald. Charles Mintz, msambazaji wake, akamwambia hakuna nyongeza, kuna punguzo. Wachoraji wake wengi walikuwa wameshasainishwa pembeni, na Oswald mwenyewe kisheria alikuwa mali ya Universal. Disney akarudi mikono mitupu, kisha akaja Mickey. Kisa kitamu, kina shujaa na kina jambazi. Ila kuna mtu kimemmeza.

Kampuni ya Mintz ilikuwa inaitwa Winkler Pictures. Sasa Winkler ni nani?

Margaret Winkler alizaliwa Hungaria mwaka 1895, akapelekwa Marekani akiwa mtoto, akawa katibu wa Harry Warner, mmoja wa wale ndugu wa Warner. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 akaanza biashara yake ya kusambaza katuni, na kwenye filamu jina likawa M.J. Winkler. Herufi mbili tu, na mwenye ukumbi wa sinema hakuwa na namna ya kujua kama anafanya biashara na bwana au bibi. Alianza na Felix, yule paka mweusi, akachukua pia filamu za Max Fleischer. Yaani katuni bora za wakati ule zilipitia meza moja.

Itazame Felix in Hollywood ya 1923. Paka anamwigiza Charlie Chaplin mbele ya Chaplin mwenyewe, naye anamshutumu kwa kumwibia sanaa yake. Utani huo una uchungu ukijua kwamba aliyekuwa akimchora Felix ni Otto Messmer, huku sifa zote zikienda kwa mwenye studio, Pat Sullivan.

Oktoba 1923 Margaret akampa mkataba kijana aliyefilisika Kansas City: dola 1,500 kwa kila filamu, kwa filamu sita za kwanza za Alice, mtoto halisi anayeingia kwenye dunia ya kuchorwa. Kijana huyo ni Disney. Tuseme ukweli, filamu za mwanzo za Alice zinachosha. Watoto wanakimbizana uani dakika nzima na katuni yenyewe haijaanza. Margaret aliliona hilo. Barua zake kwa Disney zilidai vichekesho zaidi, na muda si mrefu Alice akapata mwenzake, paka Julius, anayefanana na Felix kama mapacha. Ubunifu? Hapana, huo ni uchuuzi. Lakini ni uchuuzi wa mtu mwenye jicho: kadiri sehemu ya kuchorwa inavyokua, ndivyo filamu zinavyochangamka. Wanaoandika kwamba Disney alijifundisha mwenyewe kuchekesha wanaziruka barua hizo.

Kisha akaolewa na Mintz, wakaja watoto, akaondoka kazini. Mume akashika usukani, barua kwa Disney zikawa kali, na jina la mke likabaki kwenye kampuni. Aliyewasainisha wale wachoraji ni George Winkler, ndugu yake Margaret. Kwa hiyo jambo baya kuliko yote lililofanywa chini ya jina Winkler lilifanyika yeye akiwa ameshaondoka, na jina likachafuka vilevile.

Simfanyi malaika. Alikuwa mfanyabiashara, na waliochora hawakutajirika kwake. Ila kumwita "mke wa Mintz", kama vitabu vingi vinavyofanya, ni kusoma hadithi kuanzia ukurasa wa mwisho. Mintz mwenyewe hakumfaidi Oswald: mwaka 1929 Universal walimchukua, wakampa Walter Lantz. Sungura alirudi Disney mwaka 2006 tu, kwa kubadilishwa na mtangazaji wa michezo, Al Michaels. Margaret alikuwa amefariki mwaka 1990.