Sifa ya Ala

Mwindaji wa Kikamba aliyetoka Ikutha au Mutha kuingia nyika ya Tsavo alibeba mgongoni kitu ambacho kingeweza kumuua yeye mwenyewe kabla hajaona unyayo wa mnyama. Mishale yake ilipakwa sumu ya mti wa Acokanthera, ambao vijiti na magome yake huchemshwa kwa saa nyingi hadi ubaki ujiuji mweusi, mzito kama lami. Ndani ya ujiuji huo mna uabaini, sumu inayovuruga mapigo ya moyo mpaka yakome. Ikishaingia kwenye damu, haibagui swara na binadamu. Na mtu huyo alilazimika kukimbia nayo, kutambaa nayo chini ya miiba, kulala karibu nayo usiku.

Wanaosimulia habari za upinde wa Mkamba husifu shabaha. Mimi namsifu aliyeshona podo.

Chembe ya mshale wenye sumu ilizungushiwa utepe mwembamba wa ngozi laini, ukabanwa mpaka pale sumu ilipokomea. Utepe huo ulimkinga mbebaji asijichome, na papo hapo uliikinga sumu yenyewe, kwa kuwa jua na upepo huikausha na kuipunguzia makali. Mwindaji aliuvua saa ya kutumia mshale ilipokaribia, si mapema. Mishale ikakaa ndani ya podo la ngozi ngumu lenye kifuniko na ukanda wa begani. Msweden Gerhard Lindblom, aliyekaa Ukambani mwaka 1911 na 1912, aliandika kwa urefu juu ya maisha na zana za Wakamba, na kabla yake C. W. Hobley alitoa kitabu chake mwaka 1910. Ninapofikiria zana hizo, kinachonivutia ni mgawanyo wa mawazo: ni kazi kiasi gani iliyowekwa katika kuua, na ni kazi kiasi gani iliyowekwa katika kutoua kwa bahati mbaya. Huo utepe wa ngozi haukumwangusha ndovu yeyote. Uliwarudisha baba za watu nyumbani.

Siombi uwindaji huo urudi. Mapambano dhidi ya ujangili huko Tsavo katika miaka ya 1956 na 1957 yaliwapeleka wengi wa wapiga mishale hao gerezani, na mwaka 1977 serikali ya Kenya ikapiga marufuku uwindaji nchini kote. Ufundi wa kubeba kitu cha hatari, hata hivyo, una thamani yake peke yake, na hata wanyama wanaujua. Yuko panya mkubwa mwenye manyoya marefu anayeishi Afrika Mashariki, Lophiomys, ambaye hutafuna gome la Acokanthera lile lile na kujipaka mate yenye sumu kwenye mstari wa nywele ulio ubavuni. Watafiti walieleza jambo hilo mwaka 2011. Nywele za mstari huo zina muundo wa kunyonya sumu na kuihifadhi, na kwa kawaida hufunikwa na manyoya marefu ya juu. Akitishwa, manyoya yanajigawa na mstari unaonekana. Siku zote nyingine anakwenda zake na silaha yake imefichwa, imetulia, haimdhuru.

Leo anayebeba silaha kihalali Kitui au Makueni habebi podo. Ni mfanyabiashara wa ndengu, mnunuzi wa maembe anayelipa wakulima pesa taslimu, au askari aliyevaa kiraia. Na Ukambani ni nchi iliyotoa vijana wengi sana kwa King's African Rifles na baadaye kwa jeshi na polisi wa Kenya, kwa hiyo ukanda wa askari si kitu kigeni katika nyumba za huku. Raia anahitaji cheti chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kinachotolewa na bodi ya leseni. Huhojiwa na kuchunguzwa kabla ya kukipata. Akishapewa, aghalabu hutumia fedha nyingi kwa bastola, kisha ala anainunua kwa bei ya chini kabisa dukani, ya kitambaa, inayodaiwa kuingia bastola za kila aina. Hapo ndipo ninapolalamika.

Ala inayoingia kila bastola haishiki hata moja. Bastola ndogo hasa inadai uangalifu, ingawa watu hudhani udogo wake ndio nafuu. Mtutu wake ni mfupi, lakini mpini ukiwa umejaa risasi ndio wenye uzito, basi silaha nzima hupenda kuinamia nje na kutokeza chini ya shati. Ala ikilegea, bastola inazama ndani na mkono unapata nusu ya mpini tu. Ikiwekwa mfukoni bila ala, funguo au kalamu huweza kupenya penye kifyatulio. Hayo yote ni mambo ya fundi, na fundi anayejua kazi huyatatua kwa ngozi, uzi na ukanda.

Fundi huyo huanza na ngozi nene iliyotengenezwa kwa tanini ya magome ya miti, kwa sababu ngozi hiyo ikilowekwa hutii na ikikauka hushika umbo ililopewa. Anaifinyanga ikiwa imelowa juu ya kinyago cha bastola ile ile, si ya jamaa yake. Anabonyeza kwa kidole gumba kuzunguka kifyatulio mpaka mstari wake uonekane kwa nje, na hapo ndipo ala inapopata uwezo wa kushika bila kifungo. Anatoboa matundu kwa msharasi, anapitisha uzi uliopakwa nta, sindano mbili zikipishana katika tundu moja, ili uzi mmoja ukikatika mwingine ubaki. Nta si tatizo katika nchi ya mizinga ya nyuki. Mdomo wa ala anautia kipande cha pili cha ngozi ili usijifumbe bastola inapotolewa. Ala inayojifumba humlazimisha mwenyewe kuirudisha silaha kwa mikono miwili, na mara nyingi mkono wa pili hujikuta mbele ya mtutu.

Ubora wa mshono wa ngozi una ushahidi wake katika ardhi hii. Mwezi Agosti 1851 Johann Ludwig Krapf, mmisionari yule aliyeuona Mlima Kenya kutoka Kitui tarehe 3 Desemba 1849, alikuwa safarini karibu na mto Tana pamoja na Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa Kitui, waliposhambuliwa. Kivoi aliuawa. Krapf alitoroka peke yake, akafika mtoni, na kwa kuwa hakuwa na chombo kingine alijaza maji katika ala ya ngozi ya darubini yake na katika mitutu ya bunduki. Fundi wa Ulaya aliyeshona ala hiyo hakufikiria Ukambani wala kiu. Alishona vizuri tu.

Joto nalo lina neno lake. Mtu wa Nairobi anaweza kuficha bastola chini ya koti mwaka mzima. Kibwezi, Makindu au Mutomo, nani atavaa koti mwezi wa Februari? Shati ni moja, jepesi, na jasho linashuka mgongoni tangu saa nne asubuhi. Kwa hiyo maficho hayatoki kwenye nguo; yanatoka kwenye ala yenyewe, jinsi inavyoulaza mpini ubavuni, nyuma kidogo ya nyonga, ndani ya kiuno cha suruali. Upande unaogusa mwili unataka kipande cha ngozi kinachopanda juu ili chuma kisikwaruze mbavu na jasho lisifike kwenye chuma. Katikati ya uti wa mgongo ni mahali pabaya: ukianguka, unaangukia chuma. Plastiki ngumu ya Kydex hainywi jasho na husafishika kwa kitambaa, nami siikatai. Lakini kwa safari ndefu ya kuketi, kama ile ya kutoka Kitui kwenda Kibwezi, ngozi huzoea mwili na plastiki haizoei. Usiku bastola iondolewe ndani ya ngozi na ifungiwe sefuni, kwa kuwa ngozi hushika unyevu na chumvi, na chuma hupata kutu.

Na ukanda? Ukanda ni nusu ya ala. Ukanda laini wa suruali ya ofisini hujikunja, bastola inaning'inia, na mwenyewe anaishika kila dakika kuipandisha. Ishara hiyo ya mkono humtangaza kwa kila mtu sokoni. Mzee aliyebeba sime katika ala ya mbao iliyovishwa ngozi hakuwa akiishikashika, ilikaa.

Kwa hiyo, ndugu mwenye cheti, kabla hujalipa, itoe bastola risasi zote, hakikisha tena, kisha itie ndani ya ala na uijaribu kwa mavazi unayovaa kila siku. Keti kama unavyoketi kwenye matatu. Chuchumaa, inama, panda ngazi. Pindua ala juu chini uone kama inaachia. Halafu jaribu kukigusa kifyatulio kwa kidole kikiwa nje ya ngozi. Kikifikika, irudishe ala hiyo kwa muuzaji, hata kama ni nzuri machoni, na umtafute fundi atakayekushonea nyingine.