Neno "Kisasili" na Habari za Mbegha

Miongoni mwa istilahi ambazo somo la fasihi simulizi limezipatia shule zetu, kisasili ni mojawapo ya zile zitamkwazo kwa wepesi na kufikiriwa kwa nadra. Mwanafunzi huulizwa maana yake, naye hujibu kwamba ni hadithi ielezayo asili ya kitu: kifo kilitoka wapi, watu wa kwanza walikujaje duniani, ukoo fulani ulianzaje kutawala. Jibu hilo hupewa alama zake na somo huendelea. Lakini ukilitazama kwa makini utaona kwamba limechanganya maswali mawili. Kuuliza kitu kimetoka wapi si sawa na kuuliza kwa nini kimekuwa.

Mchanganyiko huo umo ndani ya neno lenyewe. M. M. Mulokozi, katika makala yake juu ya tanzu za fasihi simulizi yaliyotoka katika jarida la Mulika mwaka 1989, aliviweka visasili kando ya visakale. Kisasili ni kisa cha asili, kisakale ni kisa cha kale. Sasa, kisa katika Kiswahili kina sura mbili. Tukisema "alitusimulia kisa cha safari yake", kisa ni hadithi. Tukisema "kisa cha kugombana kwao ni nini?", kisa ni sababu. Asili nayo haitulii mahali pamoja. Asili ya mto ni pale maji yanapoanzia. Lakini tukisema kwamba ukali ndiyo asili ya mtu, hatusemi tena juu ya mwanzo, tunasema juu ya maumbile yake yasiyobadilika. Kwa hiyo mtu aweza kuanza kwa kusimulia mwanzo wa jambo, akapita kwenye sababu yake, akaishia kutuaminisha kwamba jambo hilo ndivyo lilivyo na ndivyo litakavyokuwa, na muda wote huo akawa anatumia neno moja.

Mfano mzuri uko karibu na wasomaji wa Tanga kuliko wanavyodhani. Magila, katika wilaya ya Muheza, palikuwa na kituo cha misheni ya Waingereza ya U.M.C.A., na katika kiwanda cha uchapaji cha misheni hiyo ndimo zilimopigwa chapa, kuanzia miaka ya 1890, sehemu za Habari za Wakilindi za Abdallah bin Hemedi bin Ali. Kitabu hicho kilitolewa upya mwaka 1962, kikiwa kimehaririwa na J. W. T. Allen. Ni mojawapo ya maandishi marefu ya nathari ya Kiswahili ya zama zile, na lugha yake ni ya kuonea wivu.

Habari zenyewe hujulikana sana milimani. Mbegha, mwindaji wa Nguu, alikuwa kigego, maana aliota meno ya juu kwanza, na jamaa zake walimwogopa wakamnyima urithi. Akaondoka na mbwa wake. Akapita Kilindi, ambako ndiko lilikotoka jina la ukoo wake, na hatimaye akapanda milima ya Usambara. Huko akawaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama, nao wakampa vyakula vya shambani. Akasuluhisha magomvi. Katika masimulizi ya Washambaa, aliua simba usiku, watu wakampokea kwa jina la Simba, wakamfanya mfalme wao huko Vugha.

Mwalimu akiuliza, "Ni nini sababu ya ufalme wa Wakilindi?", wanafunzi wengi watajibu kwamba Mbegha aliua simba. Hapo ndipo istilahi yetu inapotuponza. Simba ni kisa kwa maana ya hadithi, si kisa kwa maana ya sababu. Steven Feierman, katika kitabu chake juu ya historia ya ufalme huo kilichochapishwa mwaka 1974, aliitafuta sababu mahali pengine: kuja kwa watu wengine milimani, hasa Wambugu, ambao taratibu zao za maisha zilitofautiana na za Washambaa, hata pakawa na haja ya mamlaka moja juu ya koo nyingi. Mgeni asiye na ukoo miongoni mwa wenyeji alifaa kuwa mwamuzi kwa kuwa hakuwa upande wa mtu yeyote. Msomaji aweza kulikubali jibu hilo au kulipinga, lakini ni jibu la swali lililoulizwa.

Sisemi kwamba habari za Mbegha ni uongo, wala kwamba hazifai darasani. Zinafaa sana, kwa kazi yake mahususi. Tazama jinsi zilivyopangwa: aliyekataliwa kwao anapokewa ugenini, mtu wa porini anabadilishana nyama kwa mazao ya mkulima, na ufalme hautwaliwi kwa mkuki bali hutolewa na watu kwa hiari. Jambo hili la mwisho ndilo lenye uzito. Ukoo unaotawala ukiweza kusema kwamba asili ya utawala wake ni ombi la watawaliwa, basi anayeupinga huonekana anawapinga wazee wake mwenyewe. Maana ile ya tatu ya asili, yaani maumbile, imeingia kimyakimya.

Hata hivyo wako waliopinga. Wabondei, watu wa bonde lililo chini ya milima hiyo, nao walitawaliwa na Wakilindi. Baada ya Mfalme Kimweri ye Nyumbai kufariki katika miaka ya 1860, na wanawe na wajukuu kuanza kugombania enzi, Wabondei waliinuka katika vita viitwavyo Kiva, wakawafukuza watawala hao. Nyama ya Mbegha haikuwazuia. Mwanafunzi wa Muheza anayesoma juu ya Simba wa Vugha yafaa aambiwe kwamba Magila, ambako kisasili hicho kilipigwa chapa kwa mara ya kwanza, iko katika nchi ya watu hao waliokuwa wamekwisha kukikataa.